Mstari wa Fundi Mwinyijuma

Mzee Mwinyijuma alikuwa na kiburi kimoja tu maishani, na wala hakukificha. Nguo hazikumshughulisha, chakula alikula alichopewa, na nyumba yake mwenyewe ilikuwa na ufa wa miaka tisa ambao mkewe alishachoka kuulalamikia. Lakini mwambie ukuta alioujenga umepinda, hapo umemchokoza. Alikuwa mwashi wa misikiti. Kuanzia Mabawa, mjini Tanga, hadi vijiji vya Mtang'ata huko kusini, ilikuwapo misikiti kumi na mmoja aliyoisimamisha kwa mikono yake. Wa mtaani kwake aliujenga miaka ishirini na sita nyuma, na ndimo alimokuwa akiswali. Kila akifika huupigia jicho kwanza ukuta wa ubavuni, kuanzia pembe hadi pembe, ndipo avue viatu.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeendewa na Mwalimu Praxeda mwezi wa tano, alasiri moja, na karatasi kubwa imekunjwa kwapani.

Mwalimu Praxeda alifundisha jiografia katika sekondari ya kata, iliyo ng'ambo tu ya barabara kutoka msikitini, upande wa kusini. Kwao Maramba, babu zake walikuja kukata mkonge wakahamia moja kwa moja. Alikuwa binti mwembamba, mwepesi wa maneno na mgumu wa kukata tamaa. Kwa miaka minne alifundisha milima kwa chaki. Mwaka huo mkuu wa shule alimpa stoo ya madawati mabovu aigeuze chumba cha jiografia, naye akaivamia kweli kweli. Yaliingia matufe mawili, ramani za ukutani, kipimamvua, kisanduku cheupe cha kuwekea vipimajoto kikasimamishwa uwanjani kwa miguu yake minne, na kasha la dira kumi na mbili, mpya, ambazo hata plastiki hazijabanduliwa. Wanafunzi walileta mawe makwao: chokaa ya Amboni, changarawe ya Horohoro, udongo mwekundu wa milimani kwenye makopo ya maziwa. Alichokuwa amebakiza hakiuzwi dukani.

"Shikamoo, babu," alisema.

"Marahaba, mwalimu. Karibu ukae."

"Nimeambiwa wewe hukosei mstari."

"Aliyekwambia hakukudanganya," alijibu Mwinyijuma, wala hakutabasamu.

Mkewe, Bi Semeni, alikuwa anakuna nazi pale kizingitini. "Mwalimu, usimsifie zaidi ya hapo, atashindwa kula," alisema. "Mstari hakosei. Ila njia ya kwenda kwenye ufa wa chumbani kwangu ndiyo asiyoijua."

Mwalimu akaitandika ile karatasi juu ya mkeka. Ilikuwa ramani ya mkoa wa Tanga. Alitaka ijengwe sakafuni kwa saruji, chumba kizima, milima iinuke na mito ichimbike, mwanafunzi aweze kusimama Pangani akatazama Lushoto. Na alitaka jambo moja zaidi: kaskazini ya ramani iwe kaskazini ya kweli, ili mtoto akinyoosha kidole kwenye Horohoro ya saruji awe anaionyesha Horohoro yenyewe iliko, kule mpakani.

"Kaskazini," alisema Mwinyijuma. "Yaani kibla."

"Si kibla, babu. Kaskazini."

"Mwalimu, hapa kwetu ukisimama kuswali umeelekea kaskazini. Maka iko juu yetu, mnyooko. Wazee wa pwani hii wakikwambia nyumba ya fulani iko upande wa kibla walikuwa na maana hiyo hiyo."

Mwalimu akafikiri kidogo, akaona kweli hakuna tofauti kubwa, akakubali. Shule ilipofungwa mwezi wa sita alienda kwao Maramba, akamwachia fundi ufunguo.

Sasa, Mwinyijuma alikuwa hajawahi kujenga mlima. Kuta alijenga, matao alijenga, minara miwili alijenga, lakini mlima ni kazi ya Mungu na yeye hakuzoea kuiga. Jambo hilo lilimfurahisha kupita kiasi. Alianza na mstari, maana kwake kazi zote huanza na mstari. Jumapili moja asubuhi alifunga uzi kwenye pembe ya ukuta wa msikiti, ule ukuta wa ubavuni unaokwenda sambamba na kibla, akauvuta mnyooko, ukavuka barabara, ukakatiza uwanja wa shule, ukaingia chumbani kwa mlango wa mbele hadi ukuta wa nyuma. Bajaji na pikipiki zilisimamishwa dakika kumi nzima. Aliyezisimamisha, tena kwa mbwembwe, mkono juu na kanzu imepigwa pasi, alikuwa Zubeiri, katibu wa kamati ya msikiti. Likumbuke jambo hilo.

Kisha akazama kazini. Alivunja sakafu kuukuu, akasuka nondo, akamwaga zege, akaanza kuinua Usambara kiganja kwa kiganja. Alikuwa akirudi nyumbani na saruji hadi kwenye nyusi, anamsimulia mkewe habari za Korogwe na Handeni utadhani ndiye aliyezipanga. Siku alipomaliza kuchimba mito alichukua kopo la maji, akamimina juu ya milima. Maji yakateremka yenyewe, yakaingia Zigi, yakapinda yanapopinda, yakatokea baharini karibu na Tanga. Alimimina mara nne, peke yake, mlango umefungwa. Ni furaha tu.

Shule ikafunguliwa mwezi wa saba. Mwalimu Praxeda aliposimama mlangoni mikono yake yote miwili ilikwenda mdomoni. Milima ilikuwa imepakwa kijani, bahari buluu, na katikati ya yote ukapita mstari mweupe, kuanzia mlangoni hadi ukuta wa nyuma, umenyooka huo. Mwinyijuma alisimama pembeni na mwiko mkononi, kifua mbele. Aliona raha ambayo hakuwahi kuiona hata alipomaliza mnara wake wa kwanza.

Ndipo mwalimu akafungua kasha la dira.

Alikuwa na haki, ndiyo kazi yake. Alitoa moja, akaiweka juu ya mstari, akasubiri mshale utulie. Ukatulia, lakini si juu ya mstari. Akatoa ya pili. Akatoa ya tatu. Akazipanga zote kumi na mbili pale pale, moja baada ya nyingine, na zote zikasema neno moja: mstari umekwenda magharibi mno, kwa digrii kumi na saba.

"Babu," alisema polepole, "mstari umepinda."

"Mstari gani?"

"Huu. Kaskazini iko huku, si huku."

"Mwalimu, huo ni mstari wa msikiti. Nimeuvuta kutoka ukutani."

"Basi na msikiti..." alianza mwalimu, akajikata. Lakini lilishatoka, na dirishani walikuwa wamejazana kidato cha tatu. Mmoja wao alichukua rula ndefu, akaenda kwenye ramani ya Afrika ukutani, akaiweka kwenye Tanga, akaipindisha digrii kumi na saba. Ncha ikaangukia Khartumu.

Nani sasa wa kuwafunga midomo watoto wa kidato cha tatu? Kabla ya alasiri ya Ijumaa ile mtaa mzima wa Mabawa ulikuwa na habari kwamba kwa miaka ishirini na sita watu wameswali kuelekea Sudani. Kwenye kahawa waliangua kicheko. Mwinyijuma alipopita, mtu mmoja, tena rafiki yake wa siku nyingi, alimwuliza hali ya Khartumu na bei ya tende huko. Ulikuwa mzaha tu wa watani. Mwinyijuma alikwenda moja kwa moja nyumbani, na magharibi ya siku ile aliswali chumbani kwake, mara ya kwanza tangu msikiti ule ufunguliwe.

Wengine walicheka, Zubeiri hakucheka. Zubeiri ni mtu wa makaratasi, kitu kikishapimwa na mashine kwake kimekwisha. Jumapili aliita kamati. Sheikh Luqmani, imamu, mtu mpole mwenye sauti ya chini, alisema swala zote zilizopita ni sahihi, kwa kuwa watu walielekea walikojua kuwa ni kibla. Zubeiri akasema sawa, lakini sasa wamejua, na aliyejua hana udhuru. Wakabishana, wakakubaliana: Jumatano, baada ya adhuhuri, zulia la msikiti litang'olewa na kutandikwa upya kwa mshazari, safu zifuate dira.

Hapo ndipo Mwinyijuma alipopata pigo. Wewe fikiria. Mtu amejenga ukuta, kisha kila siku ya maisha yake iliyobaki aingie aone zulia limekaa upande, na kila mgeni aulize kwa nini, na ajibiwe: aliyejenga alikosea. Atakufa, wajukuu zake watauliza, watajibiwa hivyo hivyo. Na kibaya zaidi, alianza kujishuku mwenyewe. Misikiti mingine kumi je? Yote aliipima kwa njia ile ile. Alikaa ukumbini, mikono juu ya magoti, chai imepoa mbele yake, akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa juu ya jukwaa lolote la ujenzi.

Sheikh Luqmani alikuja kumtazama. "Mzee Mwinyijuma, usijitese," alimwambia. "Hakuna aliyekulaumu. Mtu akikosea bila kukusudia amesamehewa."

"Sheikh," alisema Mwinyijuma, "mimi sitaki kusamehewa. Nataka kupimwa."

Sheikh akamwombea dua, akaaga. Alipoondoka, Bi Semeni akaja kukaa mkekani karibu na mumewe. Mikono yake ilikuwa ina harufu ya bizari.

"Baba Safari," alisema. Safari ni mtoto wao wa kwanza, yuko Horohoro, anafanya kazi ya kupakia mizigo. "Ule ukuta umesimama. Anayeyumba ni wewe."

"Dira kumi na mbili, Mama Safari."

"Hata zingekuwa mia. Siku unaweka uzi wa msingi wa msikiti ule mimi nilikuletea maji ya kunywa. Ulinikemea nisikanyage kivuli. Umesahau?"

Mwinyijuma akainua kichwa.

"Lilikuwa jua la utosini, na wewe umening'iniza lile timazi la mjomba wako, unalinyemelea kama paka," aliendelea Bi Semeni. "Nikakuuliza unafanya nini, ukaniambia jua leo liko juu ya Kaaba. Tena ulikuwa mwezi kama huu, kipupwe, nilijitanda shuka asubuhi ile."

Mzee akasimama, akaenda chumbani, akafungua sanduku la bati. Timazi lilikuwa chini kabisa, limefungwa kitambaa: kipande cha shaba kizito chenye ncha, na uzi wake. Alilirithi kwa mjomba wake Sabiri, fundi wa Mtang'ata aliyemfundisha kazi. Mjomba alimfundisha kwamba mara mbili kwa mwaka, mwezi wa tano mwishoni na mwezi wa saba katikati, jua la mchana husimama sawasawa juu ya Kaaba. Saa hiyo kila kivuli cha kitu kilichosimama wima, popote ulipo, kimekaa kwenye mstari wa kibla. Huhitaji kitabu. Unahitaji timazi, saa, na mbingu isiyo na mawingu. Mwinyijuma akahesabu siku kwa vidole. Zilizofaa zilikuwa mbili: Jumanne na Jumatano.

Jumatatu asubuhi alivuka barabara hadi shuleni. Mwalimu Praxeda alimwona akija akainamisha uso. Siku tatu hizo alikuwa hajalala vizuri, maana alipima ramani, hakukusudia kupima msikiti wa watu. "Shikamoo, babu," alisema. "Nisamehe. Sikujua maneno yatafika mbali hivi."

"Marahaba. Usiniombe radhi kabla hatujajua aliyekosea," alisema Mwinyijuma. "Wewe una kipimo chako, na mimi nina changu. Tuvikutanishe mbele za watu." Akamweleza habari ya jua.

Mwalimu akachukua kalamu. Alitafuta latitudo ya Maka, akatafuta njia ya jua mwezi ule, akakokotoa ukurasa mzima, na alipoinua uso macho yalikuwa yamebadilika. "Ni kweli," alisema. "Saa sita na dakika ishirini na saba. Na saa zetu na za Maka ni moja. Babu, hili nilikuwa sijawahi kufundishwa."

"Mjomba wangu hakusoma hata darasa la pili," alisema Mwinyijuma, na ilikuwa mara ya kwanza kujivuna tangu Ijumaa.

Jumanne walifunga uzi upya kutoka pembe ya msikiti hadi mlango wa chumba cha jiografia, mweupe, shubiri moja kutoka ardhini. Watu wakaja. Mawingu nayo yakaja. Manyunyu ya kipupwe yakaanguka kuanzia saa tano hadi karibu na alasiri, hakuna kivuli wala cha kuku. Zubeiri akatazama saa yake, akasema, si kwa ubaya, "Mzee, kesho baada ya adhuhuri tunang'oa zulia." Mwinyijuma akakusanya miti yake ya kuning'inizia timazi akarudi nyumbani. Siku ile hakuweza hata kubishana na mkewe.

Jumatano kulipambazuka kweupe. Saa sita watu walikuwa wamejaa pande zote mbili za barabara, wengine wametawadha tayari kwa adhuhuri, mikono bado imelowa. Kidato cha tatu walipangwa mstari na Mwalimu Praxeda kando ya kisanduku cha vipimajoto. Wanawake walisimama kwenye ua wa shule, na Bi Semeni mbele yao, kanga imekazwa kiunoni kana kwamba amekuja kuchota ugomvi. Mwinyijuma alisimamisha miti mitatu katikati ya uwanja, akaifunga kileleni, akalining'iniza timazi hadi ncha yake ikakaribia kuugusa ule uzi mweupe. Akasubiri liache kutikisika. Kisha akarudi nyuma hatua mbili, akafunga mikono mgongoni.

Kivuli cha uzi wa timazi kilikuwa chembamba, upande wa magharibi wa uzi mweupe. Kilikuwa kinasogea.

"Kama mstari umepinda vile dira zinavyosema," Mwalimu Praxeda aliwaeleza watu wote, simu mkononi, "kivuli kitachelewa kuufikia, karibu nusu saa nzima. Kama umenyooka, kitaufikia saa sita na ishirini na saba." Alikuwa na sauti ya darasani.

"Ishirini na tatu," alisoma.

Kivuli kilikuwa kimebakiza upana wa vidole vinne mwishoni mwake. Zubeiri akachutama.

"Ishirini na tano."

Pikipiki iliyotaka kupita ilizimwa na mwenyewe bila kuambiwa. Mwinyijuma hakutazama chini tena. Aliutazama ukuta wa msikiti ng'ambo ya barabara, rafiki yake wa miaka ishirini na sita, akaona kama wote wawili wanasubiri kuhukumiwa.

"Ishirini na sita."

Kisha mwalimu hakusema ishirini na saba. Alisahau. Mwinyijuma alisikia watu wanavuta pumzi, akalazimika kutazama. Ule uzi mweupe, kuanzia chini ya timazi hadi kinapoishia kivuli, ulikuwa umegeuka mweusi. Kivuli kilikuwa kimelala juu yake, chote, hakuna kilichobaki upande huu wala upande ule.

"Saa ngapi, mwalimu?" aliuliza Sheikh Luqmani kwa sauti yake ya chini.

"Na saba," alisema Praxeda. "Ishirini na saba kamili."

Kutoka uani ikasikika sauti ya Bi Semeni, wala hakuipandisha. "Si nilisema," alisema. Mwinyijuma alichutama, akashika ardhi kwa kiganja, na machozi yakamtoka mbele za watu. Hakuyafuta. Mwadhini akaadhini, wakavuka barabara wakaenda kuswali, na zulia likiwa pale pale lilipokuwa. Mwinyijuma alisimama safu ya kwanza.

Waliporudi, walimkuta Mwalimu Praxeda ameketi chini mchangani kando ya uzi, na sketi yake nzuri, dira gotini. "Njooni muone," alisema. Mshale wa dira ulikuwa umelala sambamba na uzi. Akainuka, akatembea nayo taratibu kuelekea mlangoni, watu nyuma yake. Alipokanyaga kizingiti mshale ukaanza kusogea. Alipofika katikati ya ramani ulikuwa umekwenda upande, digrii kumi na saba, vile vile kama Ijumaa. Akatoka nje, ukarudi. Akaingia, ukaondoka.

"Babu," alisema, "umeweka nini chini ya sakafu hii?"

"Nondo."

"Nondo gani?"

"Milimita kumi na mbili. Nimezisuka juu na chini, nikazifunga kwa waya kila zinapokutana."

"Nani alikwambia uweke nondo kwenye ramani?"

Mwinyijuma alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini nyumba ina paa. "Mwalimu, umeniambia nijenge milima ya Usambara," alisema. "Milima ina uzito."

Kicheko kilichotoka pale hakikuwa cha Khartumu. Hata Zubeiri alicheka, akashika ukuta. Mwalimu Praxeda alicheka hadi akatoa leso, kisha akajikaza, akawageukia kidato cha tatu waliobanana mlangoni. "Sikilizeni," alisema. "Aliyekosea ni mimi. Dira hufuata chuma, nami nilipima juu ya chuma bila kuuliza kilicho chini ya miguu yangu. Fundi aliweka chuma kwa sababu hapunji kazi. Andikeni hivyo kwenye madaftari yenu." Wakaandika, wamesimama, madaftari juu ya migongo ya wenzao. Mwinyijuma aliwatazama wakiandika, akahisi amelipwa.

Zubeiri alimsubiri nje. Alikuwa na maneno mengi aliyoyapanga, lakini yalipotoka yalikuwa machache. "Mzee, mimi ndiye niliyesimamisha bajaji siku ile," alisema. "Nilipaswa kukumbuka ulivyo makini na mstari."

"Ulizisimamisha vizuri," alisema Mwinyijuma, akampa mkono.

Ilibaki kazi moja. Mwalimu alikuwa amekokotoa kwamba kutoka Tanga, Maka na kaskazini ya kweli vimeachana kwa digrii moja na nusu. Mwinyijuma alipoelewa jambo hilo hakulala mpaka alirekebishe. Siku mbili alichonga sakafu kwa tindo, akalaza vipande vyembamba vya shaba, mistari miwili badala ya mmoja. Ilianzia pamoja pale Tanga ilipo kwenye ramani, ikaenda bega kwa bega, na ilipofika ukingo wa mpaka wa Kenya ilikuwa imeachana kwa upana wa vidole vitatu. Mmoja ukaandikwa Kaskazini, wa pili Kibla. Timazi la mjomba Sabiri alilitoa mwenyewe, likaning'inizwa kutoka darini juu ya mahali mistari inapokutana, na likaandikwa kwenye orodha ya vifaa vya chumba baada ya tufe na kabla ya vipimajoto.

Jumamosi ulifanyika ufunguzi. Afisa elimu alimimina maji juu ya Usambara, yakateremka Zigi hadi baharini, wazazi wakapiga makofi. Kisha, kama watu wote wenye kupenda kuonyesha kuwa wanajua, akaomba dira apime kaskazini ya ramani. Kidato cha tatu wakaguna wote kwa pamoja. Msichana mmoja akamwomba kwa adabu arudi kwanza mlangoni asome kibao.

Kibao kilikuwa cha mbao, kimepakwa rangi nyeupe, mwandiko wa Mwalimu Praxeda. Mwinyijuma alikuwa ameshakisoma asubuhi ile, polepole, herufi kwa herufi, mara tatu: DIRA ZISOMWE NJE. HUMU NDANI UFUATWE MSTARI WA FUNDI MWINYIJUMA.

Katika misikiti yote kumi na mmoja hakuwahi kuandika jina lake mahali, kwa sababu nyumba ya Mungu haihitaji jina la mwashi. Hili lilikuwa la kwanza. Tangu siku hiyo, akienda msikitini, hapiti tena njia ya mkato nyuma ya duka. Anazunguka hadi shuleni, anasimama kidogo mbele ya mlango ule, ndipo anavuka barabara.

"Siku hizi unachelewa," Bi Semeni alimwambia. "Kuna nini huko?"

"Naangalia lipu isije ikapata ufa," alisema Mwinyijuma.

"Ufa uko chumbani kwangu," alisema Bi Semeni, na wiki ile ile, baada ya miaka tisa, ufa ule ukazibwa.